Maswali Yenu: Elimu Masafa na Kazi Zinazobadilika Mkoani Kigoma

Barua zilizonifikia tangu mwanzo wa mwaka kutoka Mkoa wa Kigoma zinauliza jambo moja kwa njia nyingi. Mwandishi ana kazi na ana watu wanaomtegemea, hawezi kufunga mizigo akakae bwenini Dar es Salaam au Dodoma, na papo hapo anaona ajira zinazofika mkoani kwake zikidai cheti ambacho hana. Mkataba wa kujenga kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tangu hapo vijana wa mjini hawana mazungumzo mengine. Elimu nayo imebadilika, kwani mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Nimechagua barua tano, nikazifupisha na kuyaacha majina. Walioniuliza ada ya chuo fulani sitawajibu hapa, kwa sababu ada hubadilika, na chuo chenyewe ndicho kinachopaswa kukupa kiwango chake kwa maandishi.

Fundi wa Kibirizi anauliza:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, huu ni mwaka wa kumi na nne. Niliishia darasa la saba, na ufundi nilifundishwa na marehemu mjomba wangu. Mwaka jana kampuni moja ya ujenzi ilitafuta mafundi mitambo. Nikafungua pampu ya dizeli mbele yao na kuifunga, ikawaka, wakaridhika, kisha wakaniomba cheti. Kijana aliyeipata nafasi ile bado ananipigia simu kuniuliza mambo. Sasa kuna bwana mmoja ananishawishi nilipie kozi ya mtandaoni ya miezi mitatu ambayo mwisho wake ni "diploma ya kimataifa". Je, nilipe?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Usilipe.

Stashahada katika mfumo wetu ni ngazi ya sita ya tuzo za ufundi, na mtu huifikia baada ya kupita ngazi za chini yake, kwa miaka na si kwa miezi. Anayekuahidi kuruka kutoka darasa la saba hadi stashahada katika miezi mitatu anakuuzia karatasi. Kabla ya kutoa senti yoyote kwa chuo chochote kinachofundisha kwa masafa, uliza ni chombo gani kinachokitambua cheti chake. Kwa vyuo vikuu chombo hicho ni TCU, kwa vyuo vya kati na vya ufundi stadi ni NACTVET, na kwa mitihani ya sekondari ni NECTA. Jina la chuo litafute kwenye orodha ya chombo chenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo la chuo, maana nembo hunakiliwa na yeyote mwenye simu. Kozi fupi za mtandaoni zinazotolewa na majukwaa ya nje si za kudharauliwa, nami nimewaona vijana waliojifunza mengi humo, ila cheti chake ni cha kuthibitisha kwamba umekamilisha kozi, na ofisa ajira hatakihesabu kuwa ni tuzo ya ufundi.

Njia yako ni nyingine, nayo inaanzia hapo hapo gereji. VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, uliowekwa kwa ajili ya watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Nenda Chuo cha VETA Kigoma uombe kuandikishwa. Mtathmini atakutazama ukifanya kazi, atakuuliza maswali, kisha atabainisha ulipo na mapengo yako, nayo mapengo utafundishwa kabla ya kupewa cheti cha ngazi unayostahili.

Nikuambie mapema mapengo hayo yatakuwa wapi, kwa kuwa nimewahi kukaa na mafundi wa aina yako. Wewe unasikiliza mlio, unasema "nozeli ya pili imeziba", wakiifungua wanakuta imeziba kweli. Lakini tapeti unazipima kwa kuzitikisa na vidole, geji iko kwenye kisanduku tangu inunuliwe. Huandiki popote kwamba injini hii uliibadilisha pete mwezi Machi. Ukipewa kitabu cha mtengenezaji chenye mchoro wa nyaya, unamtafuta mtoto wa sekondari akusomee. Kampuni inayoleta mitambo mikubwa inataka hayo uliyoyaacha: vipimo, kumbukumbu za kazi, usalama, na kusoma mchoro.

Na hapo ndipo simu yako inapokufaa. Namna ya kushika spana hutaijifunza kwa video vizuri kuliko ulivyojifunza kwa mjomba, lakini alama za michoro ya umeme, hesabu za vipimo na majina ya Kiingereza ya vipuri unaweza kuyasoma kwa nusu saa kila jioni, bure au kwa gharama ya bando. Anza nayo wakati unasubiri zamu yako VETA.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kasulu, anauliza:

Nina cheti cha ualimu daraja la A na ninafikiria kujiendeleza kupitia Chuo Kikuu Huria. Wenzangu waliosoma vyuo vya bweni wananicheka kwamba nitapata "shahada ya posta". Je, uzito wake ni sawa na wa vyuo vingine? Na je, nikihitimu nitahamishiwa sekondari?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, kuhusu uzito jibu ni ndiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kina vituo katika mikoa, Kigoma ikiwemo, na shahada yake inatambuliwa sawa na nyingine. Wanaocheka neno "posta" wangekumbuka kwamba Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akatunukiwa mwaka 1943, na shahada yake ya sheria aliipata kutoka chuo hicho hicho mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Wangekumbuka pia ya hapa nyumbani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aingie darasa la kwanza, vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa walimu wote waliohitajika, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa redio, kwa vitabu vya posta na kwa wakufunzi waliowatembelea vijijini. Wapo waliowabeza watu hao kwa jina la walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lakini wengi wetu tuliosoma vijijini tulishikishwa kalamu na wao.

Sasa nikupe upande ambao hauchekeshi. Kusoma kwa masafa ni kugumu kuliko kusoma bwenini. Mimi nilipata kusoma kwa posta, nikiwa Ujiji, na bahasha ya kaki yenye majaribio yaliyosahihishwa ilikuwa ikinifikia baada ya wiki sita, nikiifungua nimeshasahau hata swali lilikuwa nini. Siku hizi masomo yamo mtandaoni na majibu huja upesi, lakini upweke haujaondoka, na wengi huangushwa na mwaka wa kwanza ambao hakuna anayekuuliza umesoma umefika wapi. Ukifahamu kwamba kituo cha mkoa kipo Kigoma mjini na wewe uko Kasulu, tafuta wenzako wawili walioandikishwa kozi hiyo hiyo kabla hujaanza.

Mambo mawili ya kiofisi usiyaache. La kwanza, cheti cha daraja la A peke yake, bila ya sifa za kidato cha sita, kitakupitisha kwenye stashahada kwanza, kwa hiyo hesabu miaka ya hatua zote mbili. La pili, omba kibali cha mwajiri kwa maandishi kabla ya kuanza, na nakala uitunze nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Nimeona walimu waliosoma kimyakimya kwa miaka, wakapeleka shahada wakitaka kubadilishiwa muundo wa utumishi, wakaulizwa ruhusa ilitoka lini.

Kuhusu sekondari, shahada inakupa sifa ya kuhamishwa, haikupi nafasi. Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri tu kupangiwa kituo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji wa ajira za ualimu walifanyiwa usaili, wa kuandika na wa mahojiano, kama waombaji wa kada nyingine. Wewe tayari umo kazini na hilo halikugusi moja kwa moja, lakini linakueleza soko lilivyo. Ukichagua masomo ya kufundishia, fikiria Hisabati na Fizikia kabla ya Historia, ijapokuwa najua Historia ndiyo inayosomeka ukiwa umechoka.

Babu wa Buhigwe anauliza:

Mjukuu wangu aliingia darasa la tatu Januari 2024, na kaka yake mwaka huo aliingia la nne. Tunaambiwa mwaka 2027 watamaliza shule ya msingi pamoja, mdogo akiwa la sita na mkubwa akiwa la saba. Hesabu hii imekaaje? Na hii amali inayosemwa, si ndiyo kuwarudisha watoto jembeni?

Jibu:

Shikamoo Mzee wangu. Hesabu imekaa sawa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, ikifuatiwa na miaka minne ya sekondari ya chini, na miaka hiyo kumi ndiyo ya lazima kwa kila mtoto. Waliokuwa darasa la tatu wakati mtaala mpya unaanza wanafuata mpangilio mpya, waliowatangulia wanamaliza kwa mpangilio wa zamani, basi mwaka 2027 makundi mawili yanatoka kwa pamoja na mwaka 2028 yanagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Wajukuu wako watakuwa darasa moja. Andaa sare mbili.

Wasiwasi wako kuhusu jembe ninauelewa, kwa sababu sisi wa umri huo tunaikumbuka Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilivyofika shuleni. Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu shule inayomwandaa mtoto kwa maisha ya nchi yake. Katika shule nyingi kilichofika ni shamba la pamba na viboko kwa aliyechelewa palizi, na mtoto akajifunza kwamba kazi ya mikono ni adhabu. Mkondo wa amali wa sasa umepangwa kwa namna nyingine. Mwanafunzi wa sekondari huchagua fani, kama vile ujenzi, umeme, ushonaji au kilimo, akaisoma pamoja na masomo ya jumla, ili akimaliza kidato cha nne awe na ujuzi unaopimwa na kutambuliwa.

Nisemalo ni kwamba amali bila karakana ni maandishi ubaoni tu. Nenda kwenye shule atakayopangiwa kabla ya kuchagua mkondo, uombe kuonyeshwa chumba cha fani. Tazama kama mashine ni za kutosha watoto, kama zina vumbi, kama umeme umeingia, na muulize mwalimu wa fani mwenyewe anatoka wapi. Ukikuta cherehani moja na wanafunzi arobaini, mkondo wa jumla haujamdhulumu mjukuu wako.

Wako wanaosema pengo la walimu wa fani litazibwa kwa masomo ya video. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona kuanzia Machi, tulijaribu kusomesha kwa redio na runinga, na sote tuliona nani alisoma: mtoto mwenye mtu mzima kando yake wa kumwambia "haya, kaa". Nyumba ambazo wazazi walikuwa shambani tangu alfajiri, redio iliimba muziki. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao, na hilo ni jambo kubwa kwa shule ya Buhigwe isiyo na nakala za kutosha, ila video ya kuunganisha swichi haimfai mtoto ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Mfanyabiashara wa chumvi wa Uvinza anauliza:

Nina miaka 43. Nataka kusoma shahada kwa masafa ili niingie serikalini. Nimechelewa?

Jibu:

Kwa lengo hilo, ndiyo, ndugu yangu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wasiozidi umri wa miaka 45, isipokuwa walio tayari katika utumishi wa umma, na shahada ya kwanza haichukui chini ya miaka mitatu, nayo kwa mtu mwenye duka huenda zaidi ya hapo. Utahitimu ukiwa na 46 au 48. Ikiwa unataka kusoma uhasibu ili udhibiti mizigo yako ya chumvi na mikopo ya benki, huo ni mjadala mwingine, na wala huhitaji shahada nzima kwa hilo.

Dada wa Katonga anauliza:

Mwalimu shikamoo. Nina miaka 24 na mtoto mmoja. Nilifaulu upimaji wa kidato cha pili, nikapata ujauzito nikiwa cha tatu, nikaacha shule. Sasa nanunua dagaa mwaloni, naanika, nauza kwa wanaopeleka Tabora na Dar es Salaam. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu nilikaa bila kitu, nikaona sina kingine mkononi. Nataka kidato cha nne, baadaye uuguzi. Lakini usiku wa giza silali, nipo mwaloni mpaka asubuhi. Nitasoma saa ngapi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii yote.

Waraka wa elimu uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2021 uliwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Kwa umri wako na kazi yako sikushauri uvae sare tena. Una mlango mwingine, wa mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa ulifaulu upimaji wa kidato cha pili, huna haja ya kuanza na mtihani wa maarifa unaoitwa QT, ambao ni kwa wale wasio na sifa hiyo. Tafuta namba yako ya mtihani wa kidato cha pili. Ikiwa karatasi imepotea, shule uliyosoma inayo. Kisha mwone afisa elimu ya watu wazima wa Manispaa ya Kigoma Ujiji akuelekeze kituo kinachofundisha chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari, na anayechelewa hulipa faini. Mtihani wenyewe ni Novemba.

Kwa sababu unataka uuguzi, utahitaji Baiolojia, Kemia na Fizikia, na masomo hayo yana mazoezi ya maabara. Kituo kitakachokupokea ukiulize swali hili kabla ya lingine lolote: maabara mnatumia ya wapi, na kwa siku zipi? Kama jibu ni "tutawapa noti", tafuta kituo kingine.

Sasa saa zako. Ratiba za kusoma zinazogawiwa vituoni zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala kila siku saa nne usiku, na wewe si mtu huyo. Kalenda yako ni ya mwezi. Kwenye giza wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, nawe unasubiri mitumbwi alfajiri, unaanika mpaka jua limepanda. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika juma moja au zaidi, nyavu zinashonwa, na mwalo unanyamaza. Juma hilo liwe lako. Mambo mazito, kama Hisabati na sura mpya za Kemia, yaweke kwenye mbalamwezi, saa tatu kila asubuhi, mtoto akiwa kwa bibi yake. Kwenye giza usijidanganye kwamba utasoma sura nzima. Beba daftari dogo lenye maswali kumi, uyarudie wakati dagaa wanakauka. Masomo ya sauti yaweke kwenye simu mapema ukiwa na intaneti nzuri, uyasikilize ukiwa unageuza dagaa kwenye chanja.

Na usisome peke yako. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu kama milioni mbili kwa redio, na iliwafikia kwa sababu hakuna aliyesikiliza akiwa peke yake: watu walikaa vikundi vikundi kijijini, na kiongozi wao akiwa na kitabu, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapo Katonga hukosi wenzako watatu walioachia kidato cha pili au cha tatu, na wote mna mapumziko yale yale kwa sababu wote mnafuata mwezi ule ule. Waulize kabla ya mbalamwezi ijayo. Atakayekubali aje na daftari na kitabu kimoja cha Baiolojia, hata kama ni cha kuazima, na mkutane kwa huyo mwenye baraza pana.